Kati ya "Umeshinda" na "Umeshindaje"

Katika Kiswahili, kushinda ni kupata ushindi, na kushinda vilevile ni kukaa mahali mchana kutwa. Anayeambiwa "umeshinda" huenda kapata zawadi; anayeulizwa "umeshindaje" anajuliwa hali tu, jioni inapoingia. Tuseme basi kuna mtu aliyechoshwa na barua pepe za bahati nasibu ambazo hajawahi kucheza. Anafungua mipangilio ya kikasha chake na kuandika kanuni moja fupi: kila barua yenye herufi za "umeshinda" iende moja kwa moja kwenye taka. Siku mbili tatu atapumua. Ya nne, mtuma taka ataandika "umejishindia", au "hongera mshindi wetu", au atachomeka nukta na sifuri katikati ya herufi, na barua itaingia kikashani kama kawaida. Wakati huohuo salamu ya shangazi kutoka Tanga, "umeshindaje mwanangu", itakuwa imelala kwenye taka, ubavuni mwa matangazo ya dawa za kupunguza tumbo. Kanuni haikukosea, imetii neno kwa neno. Aliyekosea ni yule aliyedhani kwamba tapeli anaweza kutambuliwa kwa neno moja.

Karibu kila mwenye barua pepe amewahi kufika hapo. Kichujio kipo, kanuni zipo, na bado kila wiki kuna barua taka inayopenya. Mkono hukimbilia kuongeza kanuni: zuia neno hili, zuia anwani ile, zuia kila kinachotoka nchi fulani. Nadai katika makala haya kwamba huko ni kupoteza nguvu, na mara nyingi ni kujidhuru. Barua iliyopenya ni ushahidi, tena ushahidi adimu, wa kile ambacho kichujio bado hakijakijua. Inafaa irudishwe kwa kichujio hichohicho ili kijifunze nayo. Anayeifuta kimyakimya anatupa somo zima, na anayeitungia kanuni analipunguza somo hilo hadi libaki neno moja la kukariri.

Tabu hii ina umri mkubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Novemba 1975, Jon Postel, mmoja wa wahandisi wa mtandao wa ARPANET nchini Marekani, aliandika waraka mfupi akionya kwamba kompyuta inayopokea barua haina namna ya kumkataa mtumaji msumbufu. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, akatuma tangazo moja kwa anwani zipatazo 400 za mtandao huo. Alilaumiwa sana, ingawa mwenyewe alisema baadaye kwamba biashara ilipatikana. Agosti 1982 Postel huyohuyo akachapisha itifaki ya SMTP, ambayo mpaka leo ndiyo inayosafirisha barua pepe duniani. Iliandikwa kwa ajili ya watu waliofahamiana, wengi wao wa vyuo vikuu na maabara. Jina la mtumaji huandikwa na mtumaji mwenyewe, kama anwani ya nyuma ya bahasha, na hakuna karani anayedai kitambulisho. Mlango ulijengwa bila komeo kwa sababu kijiji kilikuwa kidogo. Kijiji kilipogeuka jiji, komeo likatafutwa harakaharaka, na miongoni mwa makomeo ya mwanzo ilikuwamo orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku.

Orodha za aina hiyo zina historia ya aibu. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kujiandikisha kwa huduma ya intaneti ya AOL kwa sababu ndani ya jina la mji wao kuna herufi nne mfululizo ambazo kwa Kiingereza ni tusi. Dawa ya Cialis ilipoanza kutangazwa kwa fujo, waliolizuia jina lake waligundua kwamba herufi hizohizo zimo ndani ya neno la Kiingereza la mtaalamu bingwa, "specialist". Kwetu kichekesho kingekuwa cha kamari: anayezuia "beti" kwa kuchoka na matangazo ya kubeti amezuia pia beti za shairi, na alfabeti nzima pamoja nazo. Wakati wapokeaji wakihangaika na hayo, watuma taka hawakulala. Waliandika tarakimu mahali pa herufi, wakaazima herufi za Kirusi zinazofanana kwa sura na zetu, na kufikia mwaka 2006 wengi wao walikuwa wamekwishaacha kuandika maneno. Walituma picha ya maneno, ambayo jicho linaisoma vizuri lakini orodha ya maneno haioni kitu.

Wajuzi walijaribu kulainisha ukali wa kanuni kwa kuzipa alama. Programu huria ya SpamAssassin, iliyoanza mwaka 2001 na ambayo imelinda seva nyingi duniani, haihukumu kwa kanuni moja. Ina mamia ya kanuni, kila moja na alama zake, na kwa mpangilio wa kawaida barua inayofikisha alama 5 ndiyo inayoitwa taka. Ni hatua kubwa ya busara, lakini hata humo kanuni iliyoandikwa kwa mkono huzeeka. Mojawapo iliziongezea alama barua zenye tarehe ya mbali mno mbeleni, kwa kuwa watuma taka hupenda kughushi tarehe ili barua yao ikae juu kabisa ya kikasha. Aliyeiandika alihesabu kwamba mwaka wowote kuanzia 2010 hadi 2099 ni mbali mno. Ilipofika tarehe 1 Januari 2010, kanuni hiyo ikaanza kuziongezea alama za taka barua halali za siku hiyo, salamu za mwaka mpya zikiwamo. Hakuna mtuma taka aliyehitaji kuivunja. Kalenda ilitosha.

Njia nyingine ilipata umaarufu Agosti 2002, Paul Graham, mtunzi wa programu, alipochapisha insha aliyoiita "A Plan for Spam". Wazo lenyewe halikuwa jipya kabisa, kwani watafiti wa Microsoft na wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuwa wameliandikia mwaka 1998, lakini Graham ndiye aliyelieleza kwa lugha iliyowafikia watu wengi. Kinachonivutia zaidi ni ungamo lake: alikuwa amepoteza kama miezi sita akitunga kanuni, moja baada ya nyingine, kabla ya kukubali kwamba njia hiyo inachosha na haifiki mbali. Mwanzo wake ni mtamu. Alipima akaona kwamba kutafuta neno moja tu la Kiingereza, lile la "bofya", kungekamata asilimia 79.7 ya barua taka alizokusanya, na kungekosea kwa asilimia 1.2 tu ya barua njema. Mtu akiona hivyo hudhani kazi imekaribia kwisha. Lakini asilimia 1.2 ni barua njema 12 katika kila 1,000, na mojawapo inaweza kuwa wito wa usaili wa kazi. Tena kila kanuni inayoongezwa kukamata taka zilizobaki huleta makosa yake yenyewe. Ndipo Graham akageuza kazi: alichukua kama barua 4,000 za taka na kama 4,000 njema, akaiachia kompyuta ihesabu kila neno limetokea mara ngapi kila upande. Kwa hesabu yake mwenyewe, barua taka zilizopenya zilishuka chini ya 5 kwa kila 1,000, na hakuna barua njema hata moja iliyotupwa. Na miongoni mwa dalili kali kabisa za taka ilikuwamo "ff0000", msimbo unaoyapa maandishi rangi nyekundu iliyokolea. Hilo lilikuwa zito sawa na tusi lolote la ngono. Hakuna binadamu ambaye angekaa chini akaitungia kanuni rangi nyekundu.

Hesabu inayotumika hapo inatokana na Thomas Bayes, kasisi wa Kiingereza ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kufa kwake, na inaeleweka bila kujua hisabati nyingi. Fikiria baraza la usuluhishi ambamo kila neno la barua ni shahidi. Tuseme katika barua taka 1,000 neno "hongera" limo katika 200, na katika barua njema 1,000 limo katika 50. Shahidi huyu, akiwa peke yake, anasema kuna uwezekano wa 80 kwa 100 kwamba barua ni taka. Ana shaka nayo, lakini hatoshi kumfunga mtu, maana hongera za harusi na za mitihani zipo pia. Anakuja shahidi wa pili, "umeshindaje", aliyeonekana katika taka 1 na katika barua njema 60. Huyu anavuta upande wa pili kwa nguvu. Graham aliwasikiliza mashahidi 15 tu kwa kila barua, wale wenye msimamo mkali kuliko wote, na akayahesabu mara mbili matokeo ya maneno katika barua njema ili kichujio kiegemee upande wa huruma. Tazama tofauti yake na kanuni: hapa hakuna neno linaloua peke yake, na hakuna neno linalookoa peke yake. Shangazi wa Tanga anaweza kuandika "umeshinda" mara tatu, na bado mashahidi wengine, jina lake, mji wake, majina ya watoto, wakamtoa salama.

Sasa tuirudie barua iliyopenya. Barua taka ambayo kichujio kimekwisha kuikamata kwa uhakika wa 99 kwa 100 haikifundishi mengi. Ni sawa na kumpa mwanafunzi swali analolijua. Barua ambayo kilikipa kikasha kwa kuamini ni njema, kumbe ni uchafu, ndiyo inayokisahihisha pale hasa kilipo dhaifu. Kwa sababu hiyo baadhi ya mafundi wa vichujio huchagua kuvifundisha kwa makosa yake tu: kilichopita kisistahili kupita, na kilichozuiwa kisistahili kuzuiwa. Unapobonyeza kitufe cha kuripoti taka, barua nzima huingia darasani, pamoja na maneno yake, seva ilikopita, kiungo kilichomo, namna ilivyopangwa, hata rangi yake. Unapoandika kanuni, unachagua kipengele kimoja kati ya vyote hivyo, kwa kawaida kile kinachokera jicho lako, ambacho ndicho rahisi zaidi kwa tapeli kukibadilisha kesho asubuhi.

Kuna pingamizi ambazo si za kupuuzwa. Ya kwanza husema kwamba kichujio kinachojifunza kinaweza kupotoshwa: tapeli atabandika chini ya tangazo lake kurasa za riwaya au habari za gazeti, maneno safi matupu, ili mashahidi wema wawe wengi. Jambo hilo lilijaribiwa, na hufaulu kwa kiasi. Lakini maneno ya kawaida ya riwaya ni mashahidi wasio na msimamo, hutokea huku na huku, na hesabu inayosikiliza wenye msimamo mkali huwapita. Ili anidanganye mimi au wewe, tapeli angehitaji kujua maneno ya kikasha chako wewe: jina la mtaa, la mjomba, la kanisa au msikiti, la chama chenu cha kuweka na kukopa. Anayetuma barua milioni moja hana nafasi ya kuyajua ya kila mtu. Pingamizi ya pili ina uzito zaidi, nami sina jibu kamili kwayo. Kanuni husomeka, ukikuta barua kwenye taka, unaweza kuonyesha mstari ulioipeleka huko. Kichujio cha Graham nacho kingeweza kuwataja mashahidi wake 15, lakini vichujio vya kampuni kubwa za leo hupima mambo mengi mno kwa mkupuo, na mwenye barua iliyotupwa haambiwi kosa lake ni lipi. Hiyo ni dosari halisi, hasa kwa ofisi ndogo yenye seva yake ambayo barua zake hupotelea njiani bila maelezo. Ila dosari hiyo inadai kampuni zieleze zaidi. Kurudi kwenye orodha ya maneno hakuitibu, kwa sababu orodha nazo zilitupa barua za watu, tena bila kujirekebisha.

Pingamizi ya tatu ndiyo inayogusa matapeli wa leo. Vipi kuhusu barua isiyo na neno baya hata moja? Afrika Mashariki haihitaji mfano wa mbali. Maelfu ya watu wamepokea kwenye simu ujumbe wa aina ya "ile hela itume kwenye namba hii", bila jina, bila salamu. Utazuia neno gani hapo? "Hela"? "Tuma"? "Namba"? Ndiyo maneno ambayo mama humwandikia mwanawe kila mwisho wa mwezi. Ujumbe huo una nguvu kwa sababu hauna kitu. Humvizia mtu ambaye, kwa bahati mbaya, alikuwa kweli anadaiwa hela siku hiyo. Kwenye barua pepe ndugu yake ni ankara ya uongo: barua fupi, ya adabu, kwa jina la msambazaji wa bidhaa anayejulikana, inayosema akaunti ya benki imebadilika. Maneno yake ni yaleyale ya ankara ya kweli.

Hapo inabidi ushahidi utafutwe nje ya maneno, kwa kuuliza barua imetoka kwa nani hasa. Kwa miaka kadhaa komeo ambalo Postel hakuliweka limekuwa likitiwa kidogokidogo. SPF ni tangazo la mwenye kikoa kwamba barua zangu hutoka katika seva hizi tu. DKIM ni muhuri wa kihisabati unaobandikwa kwenye barua, ambao hauwezi kughushiwa bila ufunguo wa siri. DMARC huwaambia wapokeaji wafanye nini na barua inayodai kutoka kwangu lakini imeshindwa vipimo hivyo. Mtu atasema, na atakuwa na haki, kwamba tapeli naye anaweza kununua kikoa kwa fedha kidogo na kukipigia muhuri vizuri kabisa. Ni kweli. Muhuri hauthibitishi wema wa mtu. Unathibitisha tu kwamba ni yeye. Lakini hilo ndilo lililokosekana tangu 1982, kwa maana sifa njema au mbaya haiwezi kumshika mtu asiye na jina. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawataka wanaotuma barua nyingi, kwa Google zaidi ya 5,000 kwa siku, wawe na vipimo vyote hivyo vitatu, waweke njia rahisi ya kujitoa, na wahakikishe barua zao zinazoripotiwa kuwa taka hazifiki asilimia 0.3. Asilimia 0.3 ni watu 3 kwa kila barua 1,000. Kwa maneno mengine, vidole vya wasomaji watatu katika kila elfu sasa vinaweza kuitia matatani kampuni nzima ya matangazo. Sijui kanuni yoyote ya kikashani yenye nguvu kama hiyo.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kutonyamaza. Kichujio kinachohesabu hakijui lugha. Kinajua tu kilichowahi kuonyeshwa. Barua taka za Kiingereza ni bahari, na za Kiswahili ni chache zaidi, kwa hiyo kila mfano wa Kiswahili una thamani kubwa. Tena sarufi yetu inaongeza ugumu. Kiingereza kinaweza kutumia umbo moja la kitenzi kwa watu wengi. Kwetu shina moja huvaa nguo nyingi: umeshinda, mmeshinda, ulishinda, umejishindia, aliyeshinda, mshindi, washindi. Kichujio kinachohesabu neno zima huwaona hao kama mashahidi saba wasiofahamiana, kila mmoja na ushahidi kiduchu. Dawa yake inajulikana: hesabu vipande vya herufi badala ya maneno mazima, ili "shind" ipatikane popote ilipojificha, na maneno ya jirani yaamue kama ni ushindi au ni kuulizana hali. Lakini hata dawa hiyo hulishwa kwa mifano, na mifano hutoka kwa watu wanaoripoti. Anayetumia programu ya barua pepe ya Thunderbird kwenye kompyuta yake ana bahati zaidi, kwa sababu kichujio cha humo hujifunza kutokana na alama anazoweka mwenyewe, kwa lugha yoyote anayoandikiwa.

Wapo wanaoona mjadala huu wote ni wa kufagia maji huku bomba likivuja: wakamatwe wanaotuma, basi. Bill Gates wa Microsoft alisema Januari 2004 mjini Davos kwamba tatizo lingemalizwa ndani ya miaka miwili. Marekani ilikuwa imepitisha sheria yake Desemba 2003. Tanzania nayo, katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ina kifungu kuhusu ujumbe usioombwa. Sheria zinafaa, na sidharau. Ila tazama kilichotokea Novemba 2008, McColo, kampuni ya California iliyohifadhi mitambo ya watuma taka wakubwa, ilipokatwa kutoka kwenye intaneti. Barua taka duniani zilishuka kwa zaidi ya nusu ndani ya siku moja. Baada ya miezi michache zilikuwa zimerudi, zikitokea kwingine. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha California walijipenyeza katika Storm, mtandao wa kompyuta zilizotekwa ili zitume taka, na kufuatilia barua karibu milioni 350 za kutangaza dawa. Katika siku 26, barua zote hizo zilizaa wanunuzi 28. Biashara hii inaishi kwa chembe, kwa vile kutuma ni karibu bure, na ndiyo maana kuziba bomba moja hakuiui. Lakini kwa sababu inaishi kwa chembe, kila barua inayokamatwa mapema kwa kuwa mtu mmoja aliripoti nyingine kama hiyo hula moja kwa moja kwenye faida.

Je, kanuni hazina kazi kabisa? Zina kazi moja nzuri ambayo watu wengi huisahau: kulinda barua njema. Anwani ya shule ya mtoto, ya hospitali, ya mwajiri, ya ndugu aliyeko Muscat au Toronto, hizo zinajulikana na hazibadiliki kila asubuhi. Iandikie kanuni kila moja, kwamba isiguswe kamwe na kichujio. Kanuni ni dhaifu zinapomfukuza mtu anayejibadilisha kwa makusudi, na ni imara zinapomkaribisha mtu ambaye hana sababu ya kujibadilisha. Tahadhari moja tu: akaunti ya ndugu ikiibiwa, tapeli atapita kwa mlango huohuo uliomfungulia ndugu, hivyo anayeombwa fedha kwa barua na apige simu kwanza, hata kama anwani ni ya kweli. Kosa la kumtupa mwema na kosa la kumwingiza mwovu hayalingani uzito. Tangazo la dawa likipenya, umepoteza sekunde mbili. Barua ya ufadhili wa masomo ikipotea, huenda umepoteza mwaka.

Kwa hiyo wiki hii, taka ikikufikia kikashani, usiifute na usiijibu. Usibofye hata kiungo cha kujitoa ikiwa mtumaji humjui, maana hapo unamthibitishia tu kwamba anwani yako ina mtu. Bonyeza kitufe cha kuripoti taka. Kwenye simu hali ni hiyohiyo: nchini Tanzania ujumbe wa kitapeli hutumwa kwenda namba 15040, na wateja wa Safaricom nchini Kenya huupeleka 333. Kisha fungua folda ya taka, utazame waliozuiwa kimakosa, na kila mmoja umtie alama kwamba si taka. Gmail hufuta yaliyomo humo baada ya siku 30. Mtoe shangazi kabla ya hapo.